Paranoid ya Black Sabbath na kidole cha mshua

Naomba nianzie kwenye tisheti. Niliinunua mtumba pale Karume, elfu tatu baada ya kuvutana na muuzaji karibu nusu saa, nyeusi ila imeshapauka mpaka inafanana na mkaa ulionyeshewa, kifuani herufi za zambarau BLACK SABBATH. Jioni napita uchochoroni kwetu mama mmoja jirani, Msabato haswa, Jumamosi hata jiko hawashi, akaniita pembeni na furaha yake yote, "Mwanangu, umejiunga na sisi?" Nikamwambia hapana mama, hii ni bendi tu. "Bendi ya kwaya?" Nikasema ndio. Mungu anisamehe, ningeanzia wapi sasa bana.

Hiyo ilikuwa kama 2012 hivi. Tisheti ilishachanika kwapani mama akaigeuza dekio, lakini albamu ya pili ya hao Black Sabbath, bendi ya hevi metali ya Uingereza, inaitwa Paranoid, mpaka leo naiskiliza, na wiki hii nimeiskiliza mfululizo kama mtu anayedaiwa. Kwenye grupu letu la wasap la watu wa hevi metali (tuko tisa, wawili hawajawahi kuandika chochote nadhani walishabadili namba) kila Septemba lazima mtu aulize swali lile lile, hivi kwa nini hii kitu haichuji? Septemba kwa sababu ilitoka tarehe 18 Septemba 1970, siku ile ile aliyofariki Jimi Hendrix, kwahiyo ni siku ambayo watu wa gitaa hawaisahau kwa vyovyote. Basi kila mmoja anajibu kivyake af tunagombana, mmoja anasema sababu ni ngoma za Bill Ward, mwingine mashairi ya Geezer Butler, kuna mmoja yuko Arusha huyo kwake kila kitu ni Ozzy, mwimbaji wao. Mimi jibu langu siku zote ni kidole na huwa wananicheka.

Niliipata kwa mshkaji wangu aliyekuwa anafanya kazi intaneti kafe Kariakoo, alinijazia flashi nyimbo kibao, Bongo Fleva, taarabu za mama, na humo ndani kukawa na folda moja ina nyimbo nane hazina majina, namba tu moja mpaka nane. Nikaplei ya kwanza nikaskia king'ora. King'ora kweli kabisa, kile cha vitani cha kuwaambia watu ndege zinakuja wajifiche, kinalia taratibu juu ya gitaa zito linalojivuta kama lori la mchanga linapanda mlima, nikasimamisha nikatoa eafoni nikachungulia nje nikidhani zimamoto wanapita. Hiyo ndo War Pigs. Karibu dakika nane. Mpaka inaisha sikuwa nimetikisika kwenye kiti.

Sasa hii nyimbo watu wengi huku kwetu wakiskia jina la bendi na wakiona yale masalaba shingoni wanakimbilia kusema muziki wa shetani, lakini ukifuatilia anachoimba ni lawama kwa wakubwa wanaoanzisha vita wao wenyewe wamekaa ofisini, wanaokwenda kufa ni watoto wa maskini, na mwisho wa wimbo siku ya hukumu inafika wakubwa wanatambaa wakiomba msamaha. Hiyo ukiiweka kwenye mahubiri ya Jumapili nani atakubishia? Geezer ndiye aliyeandika, mtoto wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland, na kipindi hicho vita ya Vietnam imepamba moto. Albamu nzima ilitakiwa iitwe War Pigs kabisa, ndo maana kwenye kava kuna jamaa kashika upanga na ngao anatokea kwenye giza la msitu, picha ilishapigwa, kisha jina likabadilishwa picha ikabaki ile ile. Nilikaa miaka nikitafuta uhusiano wa yule mtu wa upanga na neno paranoid (yaani mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza), natunga nadharia zangu kichwani, kumbe hakuna uhusiano wowote ni haraka tu za watu wa lebo.

Na wimbo wenyewe wa Paranoid nao ni wa haraka haraka. Walikuwa wameshamaliza kurekodi ikaonekana albamu ni fupi, prodyuza wao Rodger Bain akawaambia ongezeni kitu kimoja kifupi cha kujazia, wenzake wametoka kwenda kula Tony Iommi, mpiga gitaa wao, akabaki na gitaa lake, waliporudi akawapigia ile mistari, Geezer akaandika maneno chap chap Ozzy akaimba huku anasoma. Dakika mbili na sekunde arobaini na kitu. Kitu cha kujazia nafasi ndo kikawa wimbo uliofika namba nne kwenye chati za Uingereza na albamu ikafika namba moja kabisa, na kitu ambacho napenda kuwauliza watu wanaojiita mashabiki, neno paranoid linatajwa mara ngapi kwenye huo wimbo? Halitajwi. Hata mara moja. Nendeni mkaskilize mrudi.

Haya sasa kidole.

Mshua wangu ni fundi bati mtaa wa Gerezani, Dar, miaka zaidi ya thelathini, anatengeneza tranka za wanafunzi wa bweni, majiko, madebe, siku hizi zaidi mifereji ya mvua maana tranka za plastiki zimeua soko. Kama ulishawahi kupita mitaa ile unajua kelele zake, watu hamsini wanagonga bati kwa wakati mmoja kila mtu na mwendo wake, ukikaa muda mrefu unaanza kuskia kama kuna wimbo humo ndani. Mkono wake wa kushoto kidole cha shahada hakina ncha. Ilikatwa kabla sijazaliwa, bati liliteleza, na hadithi yenyewe huwa anaisimulia kwa sentensi moja, "lilikuja nikachelewa." Basi. Hajawahi kuongeza.

Siku nasoma habari za Tony Iommi ndo nikaelewa kwa nini ile sauti ilinishika vile. Huyu jamaa mtoto wa Birmingham, jiji la viwanda vya chuma Uingereza, akiwa na miaka 17 alikuwa anafanya kazi kiwanda cha bati, yeye ni wa kuchomelea, siku hiyo ni siku yake ya mwisho kazini kwa sababu alishapata bendi inayokwenda kupiga Ujerumani. Mchana akaenda nyumbani kula akamwambia mama yake sirudi, mama akamwambia hapana, rudi ukamalize kazi vizuri. Akarudi. Mtu wa mashine ya kukandamiza bati hakuja siku hiyo, wakamuweka yeye ambaye hajawahi kuishika, mashine ikashuka akavuta mkono kwa kustuka, ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, zikabaki kule. Mkono wa kulia. Na yeye anapiga gitaa kwa kushoto, maana yake mkono wa kulia ndo unaobana nyuzi. Yaani kama mtu angekaa chini apange ajali ya kumaliza mpiga gitaa wa kushoto asingepanga vizuri kuliko hiyo.

Hospitali wakamwambia gitaa sahau. Aliyemuokoa ni msimamizi wake wa kiwandani, alimletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt akamlazimisha askilize, Iommi hataki hata kuskia habari za gitaa, alipomaliza ndo akaambiwa huyu unayemskiliza anatumia vidole viwili tu mkono wa kushoto, vingine viliharibika kwenye moto. Basi jamaa akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga vikofia vya kuvaa kwenye vidole, akasugua mpaka vikakaa, juu akabandika ngozi ya jaketi kuukuu ili visiteleze kwenye nyuzi. Amejitengenezea vidole! Hiyo ni Gerezani kabisa hiyo, hicho ndo mshua angefanya, angetafuta kopo.

Kwa sababu vikofia havina hisia, hajui amebana kwa nguvu kiasi gani, akalazimika kutafuta nyuzi nyembamba zaidi (dukani hazikuwepo akawa anachukua za banjo) na akajenga upigaji wake kwenye sauti mbili tatu nene zinazobanwa pamoja kuliko kukimbia kimbia na vidole vinne kama wengine. Hapo ndo uzito ulipotokea. Kuna watu kwenye grupu hupenda kusema kwenye Paranoid alilegeza nyuzi ili gitaa liwe zito, sio kweli, kulegeza kule kulianza albamu iliyofuata, Master of Reality ya 1971. Kwenye Paranoid gitaa limekaa kawaida kabisa na bado ni zito vile, na hapo ndo nawaambia ni kidole jamani, ni kidole, wananicheka.

Wenzake nao hawakutoka mbali na hapo. Ozzy alifanya kazi machinjioni, akafanya kazi kiwanda cha honi za magari, akafungwa jela wiki kadhaa kwa wizi wa kuvunja duka. Na yale masalaba yanayowaogopesha watu, ya mwanzo kabisa alitengeneza baba yake Ozzy ambaye alikuwa fundi wa zana kiwandani, aliwatengenezea vijana akawapa wavae. Mzee wa watu anakata aluminiamu kumfurahisha mwanae na wenzake, dunia nzima inasema ni alama za kuzimu.

Nirudi kwenye albamu. Iron Man kwa mara ya kwanza nilidhani ni ya ile muvi, kumbe hauhusiani kabisa na yule tajiri wa roboti, ni hadithi ya mtu aliyesafiri kwenda mbele kwenye wakati akaona dunia inavyoisha, anarudi kuwaonya watu akageuka chuma njiani, hawezi kusema, watu wanampita wanamcheka, mwisho anakasirika na yeye mwenyewe ndo anasababisha yale maangamizi aliyokuja kuyazuia. Ule mwanzo wake unajua, ngoma inagonga peke yake du, du, du, af gitaa linalia kama mlango wa kontena unafunguliwa. Hapo mimi huwa naona mtu amekaa kwenye kigoda na nyundo.

Planet Caravan ndo ya usiku. Umeme umekatika, joto la Januari, umelala chali juu ya mkeka kibarazani, unaweka hii. Sauti ya Ozzy inatokea kama imepitia majini, ngoma za mkono taratibu, hamna kelele hata kidogo, na hii huwa nawapa watu wanaosema metali ni kupiga makelele, nawaambia skiliza hii kwanza tuongee. Bendi ya Pantera walikuja kuirudia 1994 na walifanya vizuri lakini ya kwanza ndo ya kwanza. Hand of Doom inahusu askari wanaotoka Vietnam wameharibika na heroini, ukiwa umekulia mtaa ambao umeona watu wakiinama barabarani kwa unga huwezi kuiskiliza kirahisi, kuna mtu tumesoma naye shule ya msingi namkumbuka kila nikiiskia na sitasema zaidi. Electric Funeral sawa, nzuri. Rat Salad naomba mnisamehe naruka, solo ya ngoma nimeshaielewa. Fairies Wear Boots inamalizia vizuri sana, inachezeka hata, ukimpigia mtu wa muziki wa dansi kuanzia katikati atatikisa kichwa kabla hajakuuliza ni nini.

Ndo hiyo basi, nyimbo nane, dakika arobaini na kitu, wamerekodi kwa siku chache mwezi Juni, na hiyo ni albamu ya pili ndani ya mwaka mmoja maana ya kwanza ilitoka Februari 1970. Waandishi wa muziki wa enzi zile waliwaponda vibaya sana, wakaonekana wajinga wa viwandani wasiojua kupiga. Vijana waliokuwa wanazinunua hawakusoma hizo habari. Nadhani wengi wao walikuwa wanatoka zamu.

Sasa tuje 2025. Tarehe 5 Julai ilikuwa shoo yao ya kuagana, Villa Park, Birmingham. Sisi Wabongo Villa Park tunaijua kwa Samatta bwana, ule mwaka 2020 kila mtu alikuwa shabiki wa Aston Villa hata bibi yangu, alipofunga kule Wembley kwenye fainali na Man City mtaani ilikuwa kama sikukuu japo tulipoteza. Kumbe uwanja huo uko kitongoji cha Aston, huko huko alikokulia Ozzy, na Geezer ni Villa damu damu. Tulichanga watu wanne kwenye grupu kulipia matangazo, mimi nikaangalizia kwenye laptopu ya kazini, bando linakimbia kama maji, usiku wa manane Luku ikaanza kupiga kelele nikatoka na tochi ya simu kutafuta duka ambalo mtu bado yuko macho. Nilirudi Metallica wanapiga. Guns N' Roses, Slayer, Pantera, Tool, wote wamekuja na kila mmoja akipiga wimbo wa Sabbath anaupiga kwa adabu kama mtoto anayesoma Kurani mbele ya mwalimu wake.

Halafu wenyewe wakatoka. Wanne wale wale wa mwanzo, Bill Ward naye, ambaye hakuwa amepiga nao tangu 2005. Ozzy ana Parkinson, miaka 76, hawezi kusimama, amekaa kwenye kiti kikubwa cheusi kama cha sultani, na king'ora kikalia. Kile kile nilichochungulia dirishani. Walipiga nyimbo nne tu usiku ule, War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid. Hesabu mwenyewe, tatu kati ya nne zinatoka kwenye albamu hii, walikuwa na miaka zaidi ya arobaini ya nyimbo za kuchagua wakarudi hapo. Kamera inapita kwenye jukwaa la mashabiki unaona babu na mjukuu wamevaa tisheti moja, wanalia wote, mtoto wa miaka kumi hivi anajua kila neno. Mmoja wetu akaandika kwenye grupu "mbona kuna vitunguu humu ndani", saa nane za usiku, na wale wawili ambao hawajawahi kuandika chochote, mmoja akaweka emoji ya moyo. Miaka yote ile yuko, anasoma tu!

Siku 17 baadaye, 22 Julai, Ozzy akafariki. Tarehe 30 wakampitisha mitaa ya Birmingham, Broad Street, maelfu wamejipanga, gari likasimama pale kwenye daraja ambalo siku hizi linaitwa Black Sabbath Bridge, maua yamejaa mpaka hayana pa kukaa, na mbele ya msafara ni matarumbeta. Matarumbeta jamani! Wanapuliza nyimbo za Sabbath. Nilivyoona hiyo klipu nilicheka na machozi yananitoka, maana kwetu matarumbeta ni harusi ya uswazi watu wamening'inia kwenye kirikuu, kumbe na wao wanamsindikiza mtu wao hivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Gerezani kumpelekea mshua chakula. Mchana, watu wengi wameenda kula, kelele zimepungua kidogo. Sijui kilichonituma, nikamwambia baba hebu skiliza hii, nikaweka simu kwenye debe la bati tupu ili sauti ikue nikaplei Iron Man. Ngoma ikagonga du, du, du. Mshua akatega skio kama anaskiliza kazi ya fundi mwenzake. "Huyu anagonga bati geji gani?" Nikacheka nikamwambia hiyo ni ngoma baba, ndo nikamsimulia yote, kiwanda, mashine, ncha za vidole, chupa ya sabuni, ngozi ya jaketi. Alikula wali wake taratibu hakuniangalia. Akiwa anaskiliza kile kidole chake kifupi alikuwa anakigongesha kwenye ukingo wa sahani, sidhani alijua.

"Siku ya mwisho ya kazi?" akauliza.

Ndio baba.

"Na mashine siyo yake?"

Siyo yake.

Akatikisa kichwa. "Siku ya mwisho hushiki mashine. Siku ya mwisho unakunywa chai na wenzako, unaaga, unaondoka. Mama yake alikosea." Akanawa mikono, akavuta bati lake, akachukua mkasi. Mimi nikawa nakusanya vyombo niondoke, akasema bila kugeuka, "Hako kasimu si ukaache hapa mpaka jioni."